Bekapu kamili Jumapili, za nyongeza siku nyingine: utazijaribuje bila kusubiri mwezi?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nasimamia seva ya ofisi ya upimaji ardhi hapa Morogoro. Inatumia Ubuntu, na folda ya miradi ina kama GB 400 za ramani, michoro na picha za droni. Ipo pia hifadhidata ndogo ya wateja kwenye MariaDB. Nimeandika skripti ya tar (programu ya kufungasha mafaili) inayoendeshwa na cron (kipanga ratiba cha seva): bekapu kamili saa nane usiku wa kuamkia Jumapili, na za nyongeza, zinazobeba yaliyobadilika tu, Jumatatu hadi Jumamosi, zote zikienda kwenye diski ya nje. Logi inasema kila kitu kimekwenda sawa. Ila mzee wa ofisi hataki niache kunakili kwa mkono kila Ijumaa mpaka nimwonyeshe kwamba utaratibu mpya unafanya kazi. Nitaujaribuje bila kusubiri mwezi mzima?

Jibu: Ndugu yangu, mzee wako yuko sahihi kusita. Logi inakwambia skripti ilianza na ikafika mwisho, basi. Haikwambii kama leo ukiitaka folda ya mradi ilivyokuwa Jumatano iliyopita utaipata vilevile, bila kupungua faili na bila kuongezeka faili ambalo mtu alishalifuta. Kwa hiyo usijaribu kubekapu, jaribu kurejesha. Rejesha kila siku ya wiki peke yake, ulinganishe, kisha haribu kitu makusudi uone mfumo unalalamika au unanyamaza. Kazi hiyo haihitaji mwezi. Wiki nzima unaweza kuibana ndani ya saa moja au mbili.

Kwanza tuelewane tar inajuaje kilichobadilika, maana majaribio yote yanatoka hapo. Ukitumia `--listed-incremental`, tar huweka faili la kumbukumbu pembeni, ambalo wengi huliita snar. Faili hilo lisipokuwepo, tar hubeba kila kitu na kuliunda: hiyo ndiyo bekapu kamili. Likiwepo, tar hulisoma, hubeba yaliyobadilika tu, kisha hulisasisha. Ndiyo maana bekapu ya Jumanne haina habari na Jumapili. Inajua tu kilichotokea tangu Jumatatu, na ili uipate Alhamisi unahitaji Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi yenyewe, kwa mpangilio huo. Shida nyingi nilizowahi kuitwa kuzitatua zilitokana na jambo moja: snar imesonga mbele lakini kifurushi cha bekapu hakikufika mahali pake, au kilifika kisha kikafutwa.

Sasa tengeneza uwanja wa majaribio. Unda folda ndogo, tuseme `/srv/jaribio`, yenye mafaili machache unayoyajua kwa majina: folda ya Kihonda, folda ya Bigwa, picha kadhaa za droni, michoro miwili mitatu. Skripti ni ileile ya kila siku, usiandike nyingine. Kama chanzo, mahali pa kuhifadhi na aina ya bekapu vimeandikwa ndani yake moja kwa moja, virekebishe viwe vinatolewa nje kama vigezo, ili skripti inayofanya kazi usiku iwe ndiyo hiyo unayoijaribu mchana. Ukijaribu nakala iliyochakachuliwa, umejaribu kitu kingine.

Utashawishika kusogeza saa ya seva mbele ili Jumapili ifike upesi. Usifanye hivyo. Ukimaliza na kuirudisha saa nyuma, snar itabaki na muda wa kesho kutwa, na faili ambalo tayari inalijua ukilibadilisha leo litaonekana la zamani na kuachwa. Badala yake iendeshe skripti kwa mkono mara saba, kila mara ikiwa ni "siku" moja, na ratiba uijaribu kivyake. Hayo ni mambo mawili tofauti na yanaharibika kwa njia tofauti.

Kabla ya kila bekapu piga picha ya hali ya folda kwa alama za sha256 (namba ndefu inayobadilika yaliyomo kwenye faili yakibadilika):

`cd /srv/jaribio && find . -type f -print0 | sort -z | xargs -0 sha256sum > /root/orodha/siku0.txt`

Kisha endesha bekapu, badilisha mambo, piga orodha ya siku1, endesha tena, na kuendelea. Mabadiliko yenyewe ndiyo moyo wa jaribio, kwa hiyo usiishie kuongeza faili jipya kama wengi wanavyofanya. Siku ya kwanza ongeza moja na ubadilishe jingine. Siku ya pili futa faili moja na ubadilishe jina la folda ya Bigwa liwe Bigwa-awamu1. Siku ya tatu usiguse kitu. Siku ya nne weka picha za droni kutoka kwenye kadi ya kumbukumbu kwa `cp -p`, ili zibaki na tarehe zake za wiki iliyopita. Siku ya tano badilisha ruhusa za faili moja kwa chmod bila kugusa yaliyomo. Siku ya sita rudisha faili ulilolifuta siku ya pili, kwa jina lilelile lakini likiwa na maudhui mengine.

Kila moja ya hizo ina sababu yake. Siku ya tatu inakuonyesha bekapu tupu inafananaje: bila kubana kwa gzip, kifurushi kidogo kabisa cha tar ni baiti 10,240, kwa sababu tar huandika kwa mafungu ya vipande 20 vya baiti 512. Ukiiona namba hiyo kwenye folda ya majaribio, usishtuke. Ukiiona siku ya kazi kwenye folda ya miradi, shtuka.

Siku ya nne inawahusu ninyi hasa. Mpimaji akirudi kutoka porini na picha za Jumatatu akazimwaga kwenye seva Ijumaa, tarehe ya kubadilishwa kwa mafaili ni ya Jumatatu. Skripti inayochagua mafaili kwa `find -mtime -1` itayaruka bila kusema neno. Tar yenye snar haiangalii tarehe hiyo peke yake. Inaangalia pia ctime, yaani muda ambao taarifa za faili zilibadilishwa mara ya mwisho ndani ya diski hiyo, na cp haiwezi kuughushi. Kwa hiyo picha zitabebwa. Lakini upande wa pili wa sarafu ndio huo wa siku ya tano: chmod (kubadilisha ruhusa) au chown (kubadilisha mmiliki) hubadilisha ctime, na tar hulibeba faili zima upya. Siku mtu akiendesha `chown -R` kwenye folda yote ya miradi, bekapu ya nyongeza ya usiku huo itakuwa na GB 400. Ni vizuri ulione hilo kwenye mafaili matano kabla hujaliona kwenye diski iliyojaa saa kumi alfajiri.

(Kama mwenzako anatumia rsync, programu nyingine ya kunakili, mwambie kwa kawaida yake inalinganisha ukubwa na tarehe ya kubadilishwa tu. Faili lililobadilishwa ndani likabaki na ukubwa uleule na tarehe ileile litaachwa, mpaka utumie `--checksum`, ambayo inasoma kila kitu na ni ya polepole.)

Sasa rejesha. Unda folda tupu, kamwe usirejeshe juu ya folda hai, halafu fungua vifurushi kwa mfuatano:

`tar --extract --listed-incremental=/dev/null --file=0.tar --directory=/srv/rejesha`

kisha 1.tar, kisha 2.tar, na kuendelea hadi siku unayoitaka. Ile `/dev/null` inaonekana kama kituko lakini ina kazi: wakati wa kufungua, tar haihitaji yaliyomo kwenye snar, inahitaji tu kuambiwa kwamba hivi ni vifurushi vya nyongeza. Ikishajua hivyo, hufuta kwenye folda lengwa kila faili ambalo halikuwepo siku ile. Ukiisahau, faili ulilolifuta siku ya pili litafufuka, na Bigwa ya zamani itabaki pale ilipokuwa. Na ukiikumbuka huku umeelekeza kwenye folda hai ya miradi, itafuta kazi za leo. Ndiyo maana nikasema folda tupu.

Kulinganisha, wengi hukimbilia `sha256sum -c siku3.txt`. Hiyo haitoshi. Inahakiki yaliyomo kwenye orodha na haijali yaliyozidi, kwa hiyo faili lililofufuka halitaonekana. Tengeneza orodha mpya ndani ya folda uliyorejesha, kisha linganisha orodha mbili kwa diff. Diff ikinyamaza kabisa, siku hiyo imepita. Fanya hivyo kwa siku zote saba, kila moja kwenye folda yake tupu. Jina la folda lililobadilishwa liangalie kwa macho yako pia: tar huitambua folda kwa namba yake ya inode (namba ambayo diski huipa kila faili na folda) na kurekodi kwamba imehama jina, bila kubeba upya picha zilizomo, kwa hiyo hapo mnyororo unategemewa kuliko sehemu nyingine yoyote. Na wapimaji, nijuavyo, hubadilisha majina ya folda za miradi kila mteja anapolipa awamu.

Jaribio moja dogo kabla hatujaendelea: washa upya seva katikati, kati ya siku ya tatu na ya nne. Tar huangalia pia namba ya kifaa ambacho folda ipo, na kwenye baadhi ya diski, hasa za LVM (diski zinazogawanywa kwa programu) na za mtandao, namba hiyo inaweza kubadilika seva inapowaka tena. Tar itadhani folda zote ni mpya na nyongeza itavimba kuwa kamili. Ikitokea, dawa yake ni `--no-check-device`.

Hadi hapo umejaribu siku njema. Sasa tuje kwenye siku mbaya, na hapa ndipo utajifunza zaidi.

Futa kifurushi cha siku ya pili, kisha rejesha siku ya nne kwa vilivyobaki. Utaona jambo linaloudhi: tar haitalalamika. Itafungua 0, 1, 3 na 4 kwa utulivu kabisa, na utapata folda inayofanana na ya kweli lakini si ya kweli. Tar haina habari kwamba kuna kiungo kilichokosekana. PostgreSQL, programu ya hifadhidata, tangu toleo la 17 la mwaka 2024 lilipoleta bekapu za nyongeza za kwake, ina `pg_combinebackup` inayokagua kama vifurushi ulivyoipa vinaunda mnyororo halali kabla haijaviunganisha. Wewe wa tar itabidi ukaguzi huo uuandike mwenyewe: kila mnyororo uwe na folda yake yenye tarehe ya bekapu kamili, vifurushi vipewe namba za mfululizo, na skripti ya kurejesha ikatae kuendelea ikikuta pengo.

Hilo linanileta kwenye majina. Hukusema umeyapaje majina mafaili yako, lakini kama ni `jumatatu.tar`, `jumanne.tar` na kadhalika, una bomu. Chukua Jumapili moja umeme umekatika saa saba usiku ukarudi saa kumi na mbili asubuhi. Cron haifidii kazi iliyopita. Saa nane ikipita seva imezimika, imepita. Bekapu kamili haikufanyika, snar ya zamani ipo bado, na Jumatatu skripti inaendeleza mnyororo wa wiki iliyopita. Mpaka hapo hakuna ubaya. Ila inaandika juu ya `jumatatu.tar` ya wiki iliyopita, ambayo ni kiungo cha mnyororo huohuo. Kuanzia sekunde hiyo kila kitu baada ya Jumapili ya kwanza kimekatika, na logi ni ya kijani kibichi. Lijaribu kwenye uwanja wako: ruka "Jumapili" ya pili makusudi, endelea na siku mbili, kisha rejesha.

Ndugu wa bomu hilo ni usafishaji. Skripti nyingi zina mstari wa `find /mnt/bekapu -mtime +7 -delete` au kitu cha aina hiyo. Unafuta kwa umri wa faili, na faili lenye umri mkubwa kuliko yote kwenye mnyororo ni lile la bekapu kamili. Kwa hiyo bekapu kamili inatangulia kufa, na nyongeza zake sita zinabaki diskini kwa siku kadhaa zikijaza nafasi bila faida yoyote. Futa mnyororo mzima kwa pamoja, na ufute baada ya bekapu kamili mpya kukamilika na kuhakikiwa, si kabla. Hapo utagundua unahitaji nafasi ya bekapu kamili mbili kwa wakati mmoja, pamoja na nyongeza. Diski ya TB 1 kwa GB 400 inatosha kwa shida. Mimi ningenunua ya TB 2.

Kisha katisha kazi njiani. Anzisha bekapu, na ikiwa katikati iue kwa kill. Mara nyingine chomoa waya wa diski. Mara nyingine ijaze diski: tengeneza diski ya uongo ya MB 200 kwa truncate na `mkfs.ext4`, iunganishe, na uipe skripti kazi ya MB 300. Kila mara jiulize maswali mawili: snar imesonga? Na skripti imejua kwamba imeshindwa? Kama unatuma tar ndani ya gzip kwa alama ya `|`, Bash hukupa matokeo ya gzip na kuyasahau ya tar, mpaka uandike `set -o pipefail` juu ya skripti. Na tar yenyewe ina namba tatu za kumalizia: 0 ni salama, 2 ni kushindwa, na 1 maana yake ni kwamba kuna faili lililobadilika wakati likisomwa, kwa mfano mchoro ulioachwa wazi kwenye kompyuta ya mtu usiku. Skripti inayopiga kelele ileile kwa 1 na kwa 2 itawazoesha watu kutosikia.

Kuhusu snar, njia ninayoiamini ni hii: skripti ifanye kazi na nakala ya snar. Tar isasishe nakala. Kifurushi kikishaandikwa, kikasomwa tena kwa `tar -tf` hadi mwisho na kukutwa kizima, ndipo nakala ibadilishwe jina kuchukua nafasi ya snar halisi. Kazi ikikatika popote kabla ya hapo, kesho itaanza pale ilipoishia bekapu nzima ya mwisho. Rudia majaribio ya kukatisha baada ya kubadilisha hivyo, na tofauti utaiona mwenyewe.

Ile ya kuchomoa waya ina mtego wa ziada. Diski ya nje isipounganishwa, `/mnt/bekapu` haitoweki. Inabaki folda tupu kwenye diski ya mfumo, na skripti itaandika humo kwa furaha hadi seva ijae na kukwama. Mstari mmoja juu ya skripti, `mountpoint -q /mnt/bekapu || exit 1`, unaizuia. Ila uujaribu, usiuamini kwa kuusoma.

Ratiba ni fupi zaidi kueleza. Kwanza, angalia saa ya seva kwa `timedatectl`. Seva nyingi hubaki kwenye UTC (saa ya kimataifa) kama zilivyosakinishwa, na sisi tuko saa 3 mbele. Mstari wa `0 2 * * 0` kwenye seva ya UTC utaamka saa kumi na moja alfajiri ya Jumapili. Saa nane ya usiku wa kuamkia Jumapili huko inaandikwa `0 23 * * 6`, kwa sababu UTC bado ni Jumamosi, na tarehe itakayoingia kwenye jina la faili itakuwa ya Jumamosi. (Na ndiyo, wapo walioandika 8 kwa sababu ni saa nane. Bekapu ikaanza saa mbili asubuhi watu wanafungua ofisi.) Afrika Mashariki hatusogezi saa kwa msimu, kwa hiyo hapo tumeepuka maumivu mamoja ya kichwa.

Pili, siku ukitaka bekapu kamili iwe ya Jumapili ya kwanza ya mwezi, usiandike `0 2 1-7 * 0`. Inaonekana sahihi lakini cron, ikipewa tarehe na siku ya wiki kwa pamoja, huchukua yoyote inayotimia: itaendesha tarehe 1 hadi 7 zote, na kila Jumapili juu yake. Tatu, alama ya % ndani ya crontab hugeuka kuwa mstari mpya, kwa hiyo `date +%F` iliyofanya kazi kwenye terminali itavunjika. Weka tarehe ndani ya skripti, si kwenye crontab. Kujaribu ratiba yenyewe, weka mistari ileile lakini kazi yake iwe kuandika muda na neno "kamili" au "nyongeza" kwenye faili la logi, ibane iwe kila dakika kumi, zima seva dakika mojawapo ikipita, na usome matokeo. Ukihamia kwenye timer za systemd (njia nyingine ya kupanga ratiba kwenye Ubuntu) utapata nafuu mbili: `systemd-analyze calendar --iterations=5 'Sun 02:00'` hukutajia mara tano zijazo kabla hazijafika, na `Persistent=true` huendesha kazi iliyokosa wakati umeme ukirudi. Kwa nchi yenye mgao, hiyo ya pili peke yake inatosha kuhama.

Weka pia `flock -n` mbele ya skripti ili kazi mbili zisipandane. Piga hesabu: GB 400 kwenye diski ya nje inayoandika MB 100 kwa sekunde ni sekunde 4,000, yaani saa moja na dakika saba hivi. Zikipita kwenye mtandao wa megabiti 100 ni sekunde 32,000, karibu saa tisa. Ukiamua kupeleka nakala ya pili ofisi nyingine, hesabu hiyo itakuhusu. Kisha pima kurejesha nako kwa saa ya mkononi, maana mzee akiuliza "tutarudi kazini lini?", jibu ni muda huo.

Hifadhidata usiichanganye na haya. Kunakili folda ya MariaDB kwa tar wakati inafanya kazi ni kupiga picha mtu anayekimbia: mguu unaweza kutoka wa sasa na mkono wa sekunde iliyopita. Toa nakala kwa `mariadb-dump --single-transaction` kabla ya tar kuanza. Kwa majedwali ya InnoDB, aina ya kawaida kwenye MariaDB, utapata hali moja ya wakati mmoja bila kuwafungia watu. Nakala hiyo ni faili jipya kila usiku, kwa hiyo nyongeza italibeba zima, na kwa hifadhidata ndogo hakuna neno. Kuijaribu, soma mstari wa mwisho wa faili: lililokamilika huishia na `-- Dump completed on` na tarehe. Kisha lipakie kwenye hifadhidata yenye jina jingine, hesabu wateja, na mfungue mmoja uliyemsajili jana.

Jambo la mwisho la kujaribu ni kengele. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni ya kuhifadhi msimbo wa programu, alifuta kwa bahati mbaya data za hifadhidata yao kuu. Walipozigeukia bekapu za kila siku walikuta hazipo: pg_dump, zana ya kutoa nakala ya PostgreSQL, ilikuwa ya toleo la 9.2 wakati hifadhidata ilikuwa 9.6, hivyo ilikuwa ikishindwa kila mara. Barua pepe za kuwajulisha zilikuwa zikitumwa, ila zilikataliwa njiani kwa sababu hazikuwa na saini zinazotakiwa na DMARC, kanuni ya kuthibitisha mtumaji wa barua pepe. Kilichowaokoa ni nakala ya diski ambayo mtu aliichukua kwa mkono saa sita kabla kwa shughuli nyingine, na data za saa hizo sita hazikurudi. Kwa hiyo shindisha skripti yako makusudi, uone ujumbe unafika kwenye simu yako na si kwenye sanduku la root (akaunti kuu ya seva) ambalo hakuna anayelifungua. Ifanye pia itume ujumbe mfupi inapofaulu, wenye ukubwa wa kifurushi na idadi ya mafaili, ili ukimya wenyewe uwe dalili.

Baada ya hayo, maoni yangu ambayo hukuyaomba. Kwa ofisi yenu nisingetumia mnyororo wa viungo saba. Hifadhi nakala ya snar ya Jumapili, na kila usiku mpe tar nakala mpya ya hiyo snar badala ya ile ya jana. Kila bekapu ya wiki itabeba yote yaliyobadilika tangu Jumapili, na kurejesha siku yoyote kutahitaji vifurushi viwili tu: cha Jumapili na cha siku hiyo. Jumanne ikiharibika, Alhamisi haijali. Gharama yake ni nafasi, kwa sababu cha Jumamosi kitakuwa kikubwa. Siku mkimwaga GB 30 za picha Jumatatu, zitabebwa tena kila usiku hadi Jumamosi. Kama droni inaruka kila siku, baki na mnyororo. Kama inaruka mara mbili kwa mwezi, hama.

Kuhusu kunakili kwa mkono kila Ijumaa, usikuache bado hata majaribio yote yakipita. Subiri kwanza skripti ifute mnyororo wake wa kwanza wa kweli kwa usafishaji wake yenyewe. Kwa ratiba yako hiyo ni wiki mbili hadi tatu. Baada ya hapo mchukue mwenzako ambaye hakuiandika skripti, mpe karatasi moja yenye maelekezo na kompyuta nyingine, na umwambie arejeshe mradi mmoja wa Jumatano ya wiki iliyopita wewe ukiwa nje ya chumba. Akiweza, mwite mzee aje afungue ramani mwenyewe.